Bia Isiyo na Kwao

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Umetoboka pembeni, ukindu umeachana, na mgeni akibisha hodi mwenyewe hutamani kuuficha nyuma ya mlango. Lakini ni wako, na ubavu wako haujui malazi mengine. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Nao una mwenyewe, na mwenyewe akimaliza ibada yake huukunja, akautia kwapani akaenda zake. Atakayetupa mbacha wake kwa kuutamani msala ule atalala chini, na baridi ya sakafu haimwulizi mtu alikuwa na sababu gani. Muthama wa Kasikeu alikuwa na sababu. Tena sababu nzuri. Ndiyo maana kisa chake kinauma.

Muthama alipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, askari wa mkoloni waliingia bomani kwa babake, mzee Kiema. Wazee walikuwa wamekaa kuuzunguka mtungi wa uki, yaani pombe ya asali, ambayo Wakamba wameipika tangu nyuki walipojifunza kuruka. Kibali hakikuwepo. Mtungi ukapigwa teke, uki ukanywewa na vumbi, na mzee Kiema akafungwa kamba mikononi mbele ya watoto wake. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha bwana mkubwa aliyetoa amri ile, chupa za bia ya kahawia zilikuwa zimepangwa mezani zikitoka jasho. Bia ile Mwafrika hakuruhusiwa hata kuinunua. Ya kwake ilikuwa haramu kwa sababu ni yake, na ya Mzungu ilikuwa haramu kwake kwa sababu si yake. Sheria ya namna hiyo haihitaji wakili, inahitaji rungu tu.

Wengi husahau mambo kama hayo. Husahau kwa sababu waliovirithi viti vya wale mabwana huwaomba wasahau, tena huwaomba kwa sauti ya upole. Muthama hakusahau. Alikaa na chupa zile moyoni kama mwiba uliovunjikia ndani ya nyama. Uhuru ulipokuja, sheria za pombe zilibadilisha kofia, kichwa kikabaki kile kile. Chupa ikapandishwa meza kuu. Uki ukaendelea kujificha vichakani kama mwizi. Naye Muthama akaenda mjini, akaandikwa kazi katika kiwanda kilichopika bia ile ile ya kahawia, bia ya Kozi. Kazi yake ilikuwa kuzoa machicha ya shayiri kwa sepetu. Akazoa hadi mgongo ukapinda, huku macho yake yakitazama kila kilichofanywa. Moyoni alijiapiza: "Ipo siku nitaipika hii kwa mikono yangu, katika boma lile lile walimovunja mtungi wa baba."

Alistaafu mwaka wa pili baada ya ile njaa ambayo watu waliiita Nikwa Ngwete, yaani ninakufa nikiwa na pesa mkononi. Njaa hiyo ilikuwa imemchukua mkewe, Kalunde. Alikuta nyumba imeota buibui, boma halina hata kuku wa kumwamsha. Mwanawe wa pekee, Mbuvi, alikuwa mwalimu huko Zombe, na alikuja nyumbani kama mvua ya Ukambani, yaani kwa nadra. Mtu pekee aliyefika pale mara kwa mara alikuwa Ndululu, rafiki yake wa utotoni, mrina asali mwenye mizinga katika miti yote ya bondeni. Ndululu alikuja na maneno mengi na asali kidogo, akaketi, wakacheka, akaenda. Siku ambazo hakuja, Muthama alizungumza na sufuria.

Jumamosi moja Mbuvi alifika bila taarifa. Alikuwa amenyoa vizuri na viatu vyake viling'aa, na baba akajua kuna neno.

"Baba, nimepata mtu," alisema. "Anaitwa Mutindi. Kwao ni Kabati, binti wa mzee Mwangangi."

Muthama alicheka hadi machozi yakamtoka. "Kumbe huko Zombe hufundishi hesabu tu!"

"Mamake ameokoka, lakini babake anashika mila. Ametaka mbuzi wa ntheo, wale wa kumposea binti, waende pamoja na uki. Amesema harusi ya kanisani itafuata, lakini kwake binti hatoki kabla wazee hawajakunywa."

"Na wewe unataka nini?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Mimi namtaka Mutindi, baba. Nitafuata njia yoyote inayofika kwake. Nakuomba usiniangushe. Mama hayupo. Nina wewe tu."

Maneno hayo yalimwingia mzee kama maji katika ardhi kavu. Kwa mara ya kwanza tangu amzike Kalunde, kulikuwa na mtu aliyemhitaji. Akasimama, akajipiga kifua. "Mwanangu, nitawapelekea wazee wa Kabati kinywaji ambacho hakijapata kupikwa katika boma la Mkamba. Watakapokimeza watajua umetoka nyumba ya nani."

Laiti angenyamaza hapo akatafuta asali! Lakini mwiba wa miaka mingi ulikuwa umeanza kucheza ndani ya nyama.

Shayiri haioti Kasikeu. Muthama alimwendea Abubakar, mfanyabiashara ambaye lori lake lilikuwa likipanda hadi Molo. "Mzee Muthama," Abubakar alimwambia akimshushia gunia, "mimi nimekuletea nafaka. Utakachoifanyia usinieleze, nina swala yangu saa hii." Maua machungu ya kukaushwa, yale yanayoipa bia ukali wake, aliyapata kwa rafiki aliyebaki kiwandani, yamefungwa ndani ya gazeti kama dawa.

Kisha kazi ikaanza. Aliloweka shayiri hadi ikavimba, akaitandaza kwenye magunia kivulini, akainyunyizia maji na kuigeuza hadi ikatoa vijimizizi. Akaianika juani ikawa kimea. Sehemu moja aliikaanga kwenye chungu kikavu, akiikoroga taratibu hadi ikageuka rangi ya ganda la mkate, maana huko ndiko bia ile inakotoa rangi yake ya kahawia. Hakuipeleka kwa posho mill, kwani unga laini huziba kichujio. Aliivunjavunja kwa jiwe la kusagia. Akaitia katika maji ya moto yasiyochemka, akafunika pipa kwa blanketi za marehemu mkewe ili joto lisitoroke, akaketi kando yake kama mtu anayeuguza mgonjwa. Baadaye alichuja maji yale matamu, akayachemsha na maua machungu, akayapoza. Vyote hivyo alivifanya peke yake. Jirani waliopita walinusa, wakatikisa kichwa, wakaongeza mwendo. Waumini wa kanisa la jirani walipunguza salamu.

Mara ya kwanza alichachusha kwa miatine, yale matunda makavu ya mwegea ambayo babake aliyatumia kuchachushia uki. Hakuwa na chachu nyingine. Bia ilipoiva alimwita Ndululu.

Ndululu alionja, akafumba macho. Akaonja tena. "Aiya! Baba Mbuvi, umefanya nini hapa?"

"Unaionaje?"

"Mbele ni chupa, nyuma ni uki. Ni kama mtu aliyevaa suti ya Mzungu lakini ukimsikia akicheka unajua ni wa Kasikeu. Hii ina kwao. Weka asali kidogo, uipeleke Kabati. Watakubeba mabegani."

Uso wa Muthama ulikunjamana. "Nyuma ni uki?"

"Ndiyo, na ndio utamu wake."

"Basi imeharibika."

"Imeharibika vipi, na mimi nataka kikombe kingine?"

"Ndululu, mimi sipiki mchanganyiko! Nataka Kozi. Kozi kamili. Mtu akifumba macho asijue kama imetoka kiwandani au kwangu."

"Asipojua, wewe umepata nini?"

Muthama aliinua pipa akalimwaga lote nyuma ya nyumba, na Ndululu akashika kichwa kama aliyeona ng'ombe akitumbukia kisimani.

"Nina asali ya kutosha, ndugu yangu," Ndululu alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Nimeiweka tangu niliposikia habari ya Mbuvi. Ile nyeupe ya mgunga. Tupike uki pamoja, kama zamani. Hayo mengine yako utayapika baada ya harusi, hata mwaka mzima."

"Unataka nipeleke kitu cha wazee wa kuvaa ngozi? Kitu kilichopigwa teke na askari, kikanyamaza?"

"Hakikunyamaza. Si bado kipo?"

"Nenda na asali yako, Ndululu. Mzee mzima unanuka moshi wa nyuki tangu tuko watoto, na hutaki kuinua macho uone dunia."

Ndululu aliinuka. Alikuwa mtu wa mzaha, na mtu wa mzaha akikosa la kusema jua kisu kimefika mfupani. Alichukua kofia yake akaondoka, na hakurudi wiki ile wala iliyofuata. Muthama aliona njia ya bondeni ikianza kuota nyasi, akajisemea kwamba afadhali, sasa kuna utulivu wa kufanyia kazi.

Alisafiri hadi mjini akarudi na chachu ya kiwandani ndani ya chupa ya chai, ameikumbatia basini kama kitoto kichanga. Akapika upya. Akatia bia katika chupa kuukuu alizozisugua hadi lebo zikatoka, akazifunga kwa vizibo vipya, akazihifadhi gizani chini ya kitanda. Ilipotimia, alifungua moja mchana kweupe mlangoni pake. Ikatoa ule mlio wa chupa za kibarazani. Povu likasimama. Rangi ilikuwa ya chai ya mkandaa iliyopigwa na jua. Akanywa.

Ilikuwa Kozi. Uchungu wake ulifika pale pale ulipopaswa kufika, na utamu wa kimea ukaja nyuma yake taratibu. Hapakuwa na harufu ya moshi, wala ya asali, wala ya bonde. Muthama alisimama na bilauri mkononi, akageuka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu. Aliinua bilauri kuelekea upande lilikokuwa kaburi la babake, akasema, "Mzee, tumewaweza." Upepo ulipita. Kalunde angekuwepo angalau angemkejeli.

Siku ya ntheo walikodi pikapu. Mbuvi alipoona kreti za chupa badala ya vibuyu alishtuka. "Baba, uki uko wapi?"

"Huo hapo."

"Hizi ni chupa!"

"Nikiutia kwenye kibuyu povu litakufa. Twende, utaona wanaume wakilia kwa utamu."

Kijana alitaka kusema, lakini mbuzi walikuwa wameshapakiwa na dereva alikuwa akipiga honi. Akapanda, wakaenda.

Huko Kabati walipokewa vizuri. Mbuzi walitazamwa meno, wakasifiwa. Muthoki, mama wa Mutindi, aliwapa chai iliyojaa maziwa, akamwambia Mbuvi, "Wewe mwalimu kunywa hii, hayo mengine waachie waliochelewa kuokoka." Watu wakacheka. Mutindi alipita na sinia, akamtupia Mbuvi jicho moja tu, na jicho hilo lilitosha kumfanya kijana amwage chai.

Kisha mzee Mwangangi, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, akawaita wazee wake waketi. "Wakwe," alisema, "sasa tuonyesheni mlikotoka."

Maana mila ilikuwa hiyo. Uki wa ntheo si wa kulewea. Hupikwa katika boma la mwoaji, kwa asali ya nyuki wao na kwa mikono yao, ili wazee wa binti wauonje na kujua mtoto wao anakwenda kukaa na watu gani. Nyumba yenye uvivu huonekana katika uki wake, na nyumba yenye ugomvi vivyo hivyo.

Muthama alifungua chupa. Povu likapanda. Wazee wakatazamana. Mwangangi akamwaga tone chini, akaonja, akampa aliye kando yake. Kila aliyeonja aliinua nyusi.

"Hii ni Kozi," alisema mmoja.

"Ni Kozi yenyewe," wa pili akaitikia. "Nilikunywa moja jana hapo sokoni."

Muthama alitabasamu hadi ufizi ukaonekana. Hiyo ndiyo sifa aliyoingoja tangu utotoni. "Mmeona!"

Mwangangi aliweka bilauri chini. "Mkwe, tumeona. Sasa tueleze, mlipitia baa gani? Maana kama mlikosa asali mngesema. Ukame tunaujua sote. Tungesubiri."

"Baa? Hii nimeipika mimi! Nyumbani kwangu!"

Kicheko kililipuka. Mzee mmoja kipara alijifuta macho. "Huyu bwana ana kiwanda Kasikeu! Tumekwisha, binti yetu ameolewa na tajiri!"

"Naapa kwa kaburi la baba yangu!"

"Basi tufahamishe," Mwangangi alisema kwa upole. "Asali ni ya mizinga ya nani?"

"Haina asali. Ni shayiri."

"Shayiri ya shamba lako?"

"Ya Molo."

"Na huu uchungu?"

"Ni maua. Hutoka Ulaya."

"Na kilichoichachusha?"

"Ni chachu ya kiwandani."

"Na ulipika na nani?"

Swali hilo lilimfanya aangalie huku na huku. "Peke yangu."

"Maji je?"

"Maji ni ya Kasikeu."

"Haya," alisema yule mzee kipara, "tumeshukuru kwa maji."

Hawakucheka tena. Mwangangi aliinuka, akamshika Muthama begani kama mtu anayemfariji mfiwa. "Mkwe, labda unasema kweli. Lakini nikiionja nimefumba macho, sikuoni wewe humu. Siwaoni watu wako. Naona baa tu. Siwezi kuwaambia wazee hawa kwamba nimempeleka mtoto wangu baa. Mbuzi nimewapokea. Rudini nyumbani, mje na uki, hata kibuyu kimoja, hata ukiwa mchachu. Binti hana neno. Tutawangoja."

Mlango ulikuwa umeachwa wazi hivyo, tena wazi kabisa. Mbuvi alipumua. Lakini Muthama hakusikia maneno ya Mwangangi. Alisikia teke la askari likiupiga mtungi. Damu ikampanda. "Washamba wakubwa!" alifoka. "Mkoloni aliwazoesha kunyang'anywa hata mkipewa hamjui kupokea! Kalieni huo uki wenu, na huyo binti wenu mwozesheni nzi wa mzinga!"

Mutindi aliweka sinia chini na kuingia ndani. Mama yake akamfuata.

"Baba," Mbuvi alisema, "panda gari uende."

"Na wewe?"

"Mimi nabaki kuomba radhi."

Muthama alirudi Kasikeu na kreti zake, chupa zikigongana njia nzima. Alingoja mwanawe aje amsihi, ili naye apate nafasi ya kukubali. Kila jioni aliketi mlangoni akipanga atakavyonuna kwanza, kisha atakavyolegea. Mbuvi hakuja. Zilikuja habari tu, na zililetwa na wapita njia. Mbuvi alikuwa amekwenda kwa Ndululu akapiga magoti. Ndululu alitoa asali yake nyeupe, wakapika uki pamoja, mwalimu akibeba maji na mrina asali akiimba. Ndululu ndiye aliyebeba kibuyu hadi Kabati, akaketi pale anapoketi baba. Mwangangi aliuonja, akauliza, "Nani amepika akicheka hivi?" Harusi ya kanisani ikafuata. Wanasema Muthama alipelekewa mwaliko kwa mdomo, naye akajibu kwamba ana kazi.

Kazi hiyo ilikuwa kupika. Alipika Kozi, tena na tena, kila mara ikitoka safi kama ya kwanza. Huenda hakuna mtu katika nchi nzima aliyeipika vizuri hivyo nje ya kiwanda. Aliinywa mlangoni, akatazama barabara. Waliotaka Kozi walikwenda baa, huko kulikuwa na watu. Waliotaka uki walikwenda kwa Ndululu. Kwake hakukuwa na cha kufuatwa na mtu.

Mvua mbili zilipita. Asubuhi moja, nyasi za njia ya bondeni zilitikisika, na Ndululu akatokea, kofia mkononi. Alikuwa amezeeka. Walisalimiana kama watu wanaokanyaga mayai.

"Mbuvi amepata mtoto," Ndululu alisema. "Wa kiume. Mzima kabisa, analia kama honi ya lori."

Moyo wa Muthama uliruka kama swara. Alisahau kununa. Mkamba hahitaji kuuliza mtoto wa kwanza wa kiume ataitwa nani. Huitwa jina la babu yake mzaa baba, na kwa jina hilo mzee huendelea kuishi hata akifukiwa. Sheria hiyo hakuna mkoloni wala chifu aliyeweza kuifuta. Hata mwana aliyekosana na babake huifuata.

"Kwa hiyo amekuja Muthama mdogo," alisema, akaingia ndani kutafuta viatu. "Ngoja nivae viatu. Ngoja, nitakwenda kumwona Muthama wangu. Ndululu, nitamwomba Mwangangi msamaha, wallahi nitapiga magoti."

Ndululu alibaki mlangoni. Aliizungusha kofia yake mikononi.

"Vipi? Ana kilema?"

"Hana kilema."

"Basi nini? Sema, mwanaume wewe!"

"Mimi sikuomba, ndugu yangu," Ndululu alisema, na machozi yakaanza kuteremka kwenye mashavu yale yaliyozoea kucheka. "Niliwakataza. Nilimwambia Mbuvi, babako yu hai, jina lipo. Akasema babu wa mtoto ni yule aliyebeba kibuyu. Wazee wa Kabati wakaitikia. Wamemwita Ndululu."

Muthama alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Aliketi kitandani polepole, kile cha pili kikiwa mkononi, na chini yake chupa zikalia kidogo kwa uzito wake. Alitafuta neno la kuwatukana wakoloni, akalikosa. Wao walivunja mtungi mmoja tu; iliyobaki alikuwa ameivunja mwenyewe. Nje, rafiki yake alisimama akingoja, kisha akavaa kofia yake akashuka bondeni, maana kulikuwa na mtoto wa kwenda kubebwa. Naye Muthama akabaki ameketi pale, baba wa mtu, babu wa mtu, na jina lake halina wa kuliitikia. Mbacha aliutupa mwenyewe, na msala ukapita na wenyewe; basi asikiaye na ashike: usiache mbachao kwa msala upitao.